Wino wa Kalamu na Wino wa Hati



Katika nyumba nyingi za Magongo, ndani ya sanduku la hati au katika mtoto wa meza ya marehemu mzee, mna kalamu ya wino. Pengine ni ya babu aliyekuwa karani bandarini Kilindini. Pengine ni ya mwalimu aliyesahihishia madaftari kwa miaka mingi. Pengine ni zawadi aliyoileta mjomba kutoka Maskati siku kijana alipohitimu. Wenye kalamu hizo huniuliza suali moja: "Sheikh, niitie wino gani?" Nimeona jawabu lake linastahiki nafasi katika toleo hili, kwani suali lenyewe ni mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni wino upi hautaidhuru kalamu. La pili, ambalo wachache hulifikiria, ni wino upi hautayapoteza maandishi. Na wino unaofaa kwa la kwanza, mara nyingi ndio usiofaa kwa la pili.

Wino wa wazee wetu

Hakuna haja ya kurefusha fadhila za kalamu mbele ya watu ambao Kitabu chao kina sura nzima iitwayo al-Qalam, inayofunguliwa kwa kuapiwa kalamu na yale yaandikwayo. Pwani yetu nayo imeandika tangu zamani. Barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu zilizotoka Kilwa kuanzia mwaka 1711 zimehifadhiwa hadi leo huko Goa, India. Utendi wa Tambuka una tarehe ya mwaka 1728, na ulitungwa Pate. Siyu, katika kisiwa hicho hicho, ilikuwa na mafundi walionakili misahafu kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Hapa Mombasa, mashairi ya Muyaka bin Haji yametufikia kwa sababu watu kama Mwalimu Sikujua waliyakusanya na kuyatia katika karatasi.

Wino huo ulikuwa wa namna gani? Waandishi wa kale wa Kiarabu walizitenga aina mbili. Ya kwanza ni midadi, yaani masizi yaliyosagwa na kuchanganywa na gundi ya mgunga na maji. Ya pili ni hibri, inayopatikana kwa kuchanganya chumvi ya chuma na maji ya afsi, vile vifundo vinavyoota katika mti wa mwaloni. Kitabu kinachonasibishwa na Ibn Badis, mtawala wa Ifrikiya katika karne ya 11, kimejaa maelezo ya kupika wino wa aina hizi. Masizi hayapauki kwa jua, na ndiyo sababu moja ya mwandiko wa karne kadhaa kubaki mweusi kana kwamba uliandikwa mwaka jana.

Wino wa masizi uliifaa kalamu ya utete kwa sababu kalamu hiyo haina tumbo. Huchovywa katika kidau, huandika maneno machache, kisha huchovywa tena. Ikiziba, hufutwa kwa kitambaa au huchongwa upya kwa kisu. Kalamu ya wino ya kisasa ni kiumbe kingine kabisa, na mtu akiitendea kama utete ataiharibu.

Kalamu yenye tumbo

Hamu ya kuwa na kalamu inayobeba wino wake mwenyewe si ya jana. Al-Qadi al-Nu'man, mwanachuoni wa dola ya Kifatimi aliyefariki mwaka 974, amesimulia kwamba Khalifa al-Mu'izz alitaka kutengenezewa kalamu isiyohitaji kidau, isiyochafua mikono wala nguo, na ambayo ikipinduliwa haimwagi. Hata hivyo, kalamu tuijuayo leo ilienea baada ya Lewis Waterman kupata hataza yake New York mwaka 1884.

Siri ya kalamu hii imo chini ya nibu. Hapo pana kijiti cheusi cha mpira mgumu au plastiki, kilichochongwa mifereji myembamba mno. Wino hushuka katika mifereji hiyo kidogo kidogo, na hewa hupanda kuchukua nafasi yake. Chochote kitakachogandia humo, kiwe ni masizi, gundi, au wino uliokaukiana, huifunga njia. Nibu yaweza kununuliwa nyingine. Kijiti cha kalamu iliyoundwa miaka sabini iliyopita hakipatikani kwa urahisi. Kwa hivyo sharti la kwanza la wino wa kalamu ni kuwa umeyeyuka kikamilifu, na sharti la pili ni kuwa si mkali kwa chuma, kwa mpira wala kwa plastiki.

Aina nne za wino

Mtu anaposimama dukani, au anapomwagiza jamaa yake aliye Dubai au London, atakutana na wino wa aina nne.

Aina ya kwanza ni wino wa rangi iliyoyeyuka majini. Huu ndio wino wa kawaida wa kalamu, na ndio ulio salama zaidi. Quink ya Parker, iliyoanza kuuzwa mwaka 1931, pamoja na wino wa Waterman na 4001 ya Pelikan, ni mifano inayojulikana duniani kote. Rangi ya buluu hafifu inayofulika ndiyo laini kupita zote. Mwenye kalamu ya thamani asiyejua pa kuanzia, na aanzie hapo. Aelewe tu kwamba katika mfululizo huo wa 4001, wino wa buluu-nyeusi kwa desturi una chuma ndani yake, na hukumu yake ni ya aina ya pili.

Aina ya pili ni wino wa chuma, mjukuu wa ile hibri ya kale. Ukiandikwa huonekana mwepesi, kisha hewa huufanya uwe mweusi na kushikana na nyuzi za karatasi, hata maji yasiuondoe. Uingereza waliutumia kuandikia daftari za ndoa, vizazi na vifo, na hadi leo upo unaouzwa kwa jina la wino wa wasajili. Wino huu una asidi. Nibu ya chuma yaweza kuliwa taratibu. Nibu ya dhahabu hustahimili zaidi. (Hukumu ya mwanamume kutumia nibu ya dhahabu ina maelezo yake kwa mafakihi, hapa nazungumzia tu tabia ya dhahabu mbele ya asidi.) Wino wa chuma uliotengenezwa mahsusi kwa kalamu za tumbo, kama Salix ya Rohrer & Klingner au buluu-nyeusi ya Platinum, umepunguzwa ukali na waweza kutumiwa na mtu mwenye nidhamu ya kuosha kalamu yake. Ule wa kuchovya hautiwi kamwe katika kalamu ya tumbo.

Aina ya tatu ni wino wa chembechembe, ambao rangi yake haikuyeyuka bali imesagwa ikawa laini mno na kuelea majini. Carbon Black ya Platinum ni mfano wake. Ukikauka juu ya karatasi, maji hayauondoi na jua haliupaushi. Ukikauka ndani ya kalamu, hapo pia hautoki. Ni wino mzuri kwa kalamu inayotumika kila siku, na ni hatari kwa kalamu inayolala sandukuni.

Aina ya nne ni wino usiokuwa wa kalamu hizi kabisa, ijapokuwa chupa yake imeandikwa "wino". Humo mna wino wa mhuri, wino wa mashine ya kuchapishia, na wino mweusi wa wachoraji wenye shelaki, ile gundi ngumu inayotiwa katika vanishi. Mna pia wino wa khati unaouzwa kwa wanafunzi wa kalamu za utete. Mafuta na gundi zilizomo zitaifunga mifereji, na aghalabu hakuna dawa. Kijana anayejifunza khati na achovye utete wake. Kalamu ya babu na aiache kando.

Mtindo wa kupika wino nyumbani nao uachwe kwa kalamu za kuchovya. Masizi ya chungu na gundi ni elimu nzuri ya kuwafundishia watoto namna wazee walivyoandika, ila yakiingia katika kalamu ya tumbo huiua.

Haki za watu zisiandikwe kwa wino wa kufulika

Sasa tufike kwenye suali la pili, ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi.

Niliwahi kukalishwa kati ya ndugu wawili waliokuwa wakidaiana. Karatasi ya deni ilikuwepo, imeandikwa kwa mwandiko mzuri na kutiwa saini na mashahidi wawili. Masika ya mwaka uliotangulia paa lilivuja juu ya kabati, na karatasi ikarowa. Walipoikunjua, mahali pa kiasi cha fedha palikuwa na wingu la buluu. Shahidi mmoja alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, na wa pili alikumbuka kuwa aliweka saini, ila hakuikumbuka hesabu. Tulimaliza kwa suluhu, Alhamdulillahi, lakini ilikuwa suluhu ya watu waliokwisha kutiliana shaka, na tangu hapo salamu zao zilipungua joto.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, na inatukataza kuchoka kuliandika liwe dogo au kubwa. Iwapo tumeamrishwa kuandika ili haki isipotee, basi wino unaopotea kwa tone la mvua haujalitimiza kusudio hilo. Ule wino wa buluu unaofulika, niliousifu hapo juu kwa upole wake kwa kalamu, husafiri na maji, hupauka kwa jua, na mwenye nia mbaya aweza kuufuta kwa dawa za madukani na kuandika tarakimu nyingine. Kwa barua ya salamu, kwa daftari ya darsa, kwa orodha ya vitu vya futari, hakuna wino bora kuliko huo. Kwa wasia, kwa hati ya shamba, kwa cheti cha ndoa, kwa karatasi ya deni na ya amana, hautoshi.

Basi mtu afanye nini? Njia nyepesi ni kuzigawa kazi. Kalamu ya urithi iandike kwa wino mpole yale yasiyobeba haki za watu. Hati zenye haki ziandikwe kwa kalamu nyingine ya bei nafuu, iliyotiwa wino wa chuma au wa chembechembe, na ikiharibika hakuna atakayelia. Asiyetaka usumbufu huo, kalamu ya biro yenye wino mzuri wa mafuta yamtosha. Upo hata mpango wa kimataifa wa viwango vya biro za kuandikia hati, uitwao ISO 12757-2, ambao hupima kama maandishi yanastahimili maji, mwangaza na kufutwa. Mtu asione haya kutia saini wasia wake kwa biro. Anayetia saini kwa kalamu ya fahari yenye wino wa kufulika amewaachia watoto wake kumbukumbu nzuri na ushahidi dhaifu.

Kabla ya kuuamini wino wowote kwa hati, ujaribu. Andika mstari mmoja katika karatasi tatu na uache ukauke siku nzima. Karatasi ya kwanza izamishe katika bakuli la maji kwa saa moja. Ya pili ibandike dirishani inapopigwa na jua kwa wiki nne, ukiwa umefunika nusu ya mstari. Ya tatu iweke kitabuni uwe na cha kulinganishia. Hapo hutahitaji kumuuliza muuza duka.

Kalamu za zamani

Kalamu za miaka ya 1940 na 1950, ambazo wazee wetu wengi walizipata wakiwa kazini, zinataka hadhari zaidi. Nyingi zina kifuko cha mpira ndani, na baadhi zimetengenezwa kwa seluloidi, plastiki ya zamani inayonywa rangi. Wino wenye rangi nzito mno, hasa nyekundu na zambarau kali, waweza kuacha doa lisilotoka katika seluloidi na kuudhoofisha mpira.

Ukali wa wino si asidi peke yake. Mwaka 1947 kampuni ya Parker ilitoa wino ulioitwa Superchrome, wenye kukauka haraka na wenye magadi mengi. Ilibidi chupa zake ziandikwe onyo kwamba usitiwe katika kalamu yoyote isipokuwa Parker 51. Hata huko ulikuja kujulikana kwa kuzila sehemu za ndani. Ikiwa mtengenezaji wa kalamu mwenyewe alilazimika kutoa onyo, mwenye kalamu asidhani kwamba jina kubwa kwenye chupa latosha. Na ukikuta chupa ya zamani ya wino kabatini, iwe ni pambo tu, usiitumie.

Wino ulio karibu na wastani, usioegemea asidi wala magadi, ndio salama kwa kalamu hizi. Karatasi ya litimasi, ile watoto wanayoitumia katika somo la kemia, yaweza kukuonyesha dalili ikiwa wino ni wa rangi hafifu au umeuzimua kwa maji safi.

Hewa ya Mombasa na maji yetu

Maelezo yanayokuja na chupa za wino hayakuandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi karibu na bahari. Joto la kaskazi huyakausha maji ya wino ndani ya kalamu, na wino ukabaki mzito. Unyevu wa masika huotesha ukungu. Chupa ikiwa na utando juu, nyuzi zinazoelea, au harufu ya uvundo, usijaribu kuuchuja wino huo. Umwage, chupa uitupe, na kalamu uioshe kabla ya kutia wino mwingine. Chupa nzima hukaa kabatini, penye giza, kifuniko kikiwa kimefungwa barabara. Ukitia wino, mimina kiasi unachohitaji katika kichupa safi na uchukulie humo, ili nibu isiichafue chupa nzima.

Kalamu ioshwe kila baada ya wiki nne, au mbili ikiwa ina wino wa chuma au wa chembechembe. Ikiwa hutaitumia kwa wiki kadhaa, itoe wino wote, uioshe na uikaushe. Maji ya kuoshea yawe baridi, kwani maji ya moto huharibu rangi ya mpira mgumu wa kalamu za zamani. Spiriti nayo huila plastiki.

Hapa pana jambo la mitaa yetu. Maji ya bomba yanayotoka Mzima na Baricho hayatufikii kila siku, na wengi tunategemea visima, ambavyo vingi vina chumvi. Maji ya chumvi yakikauka ndani ya mifereji huacha mawe madogo na huchochea kutu. Mwosho wa mwisho uwe kwa maji ya kunywa, maji ya mvua yaliyokingwa safi, au maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari. Soma chupa vyema: petroli stesheni huuza pia asidi ya betri, na hiyo itaitafuna kalamu pamoja na vidole vyako.

Kwa wanaosafiri, hewa ya ndani ya ndege hupungua mgandamizo, na hewa iliyomo kalamuni hutanuka na kuusukuma wino nje, juu ya kanzu nyeupe. Safiri na kalamu iliyojaa kabisa au tupu kabisa, nibu ikitazama juu. Chupa ya wino katika mzigo wa mkononi isizidi mililita 100. Nyingi ni za 30 au 50, hivyo hazina tatizo. Wino ukimwagikia kanzu, isuuze papo hapo kwa maji baridi. Usikimbilie jiki, kwani wino wa chuma ukikutana nayo huacha doa la kutu.

Usichanganye aina mbili za wino katika kalamu, hata zikifanana rangi. Dawa zilizomo zaweza kugombana na kufanya tope. Ukibadilisha wino, osha mpaka maji yatoke meupe.

Wino wa kalamu haunyweki

Neno la mwisho ni la usalama wa watu. Baadhi ya nyumba huandika kombe kwa zafarani na maji ya mawaridi juu ya sahani nyeupe, likaoshwa na kunywewa. Wanavyuoni wana maneno katika suala hilo, na si nafasi yangu leo kuyaeleza. Ninalosema ni kwamba asitokee mtu, kwa kukosa zafarani, akatumia wino wa kalamu au wa mhuri. Wino hutiwa dawa za kuzuia ukungu, na wino wa zamani ulitiwa fenoli, ambayo ni sumu. Chupa zake ziwekwe mbali na watoto kama zinavyowekwa dawa za kufulia.

Muhtasari wake ni huu. Kalamu ya thamani itiwe wino mpole uliotengenezwa kwa ajili ya kalamu za tumbo, na ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi. Maandishi yenye haki za watu yaandikwe kwa wino usiotoka, hata ikibidi kwa kalamu ya shilingi chache. Wiki hii, kila mwenye nyumba na afungue sanduku lake, azitazame hati alizoziandika kwa mkono. Akiona zimeandikwa kwa buluu ya kufulika, na aziandike upya wakati mashahidi wangali hai na kumbukumbu zao zingali timamu, watie saini tena, kisha azihifadhi nakala zote mbili pahala pasipovuja.

Mwenyezi Mungu azihifadhi amana zetu na azifanye kalamu zetu kuwa mashahidi wa kheri. Amin.